Nani Kakalia Kiti Changu cha Kola?

"Wewe mama, toka kwenye mstari! Jamani, huyu ni mgonjwa! Msimguse!"

Nikageuka nyuma haraka nimtazame huyo mgonjwa.

Nyuma yangu hakuna mtu. Wote wameshanikimbia...!

Wanangu, mgonjwa mwenyewe alikuwa mimi!

Asubuhi kweupe, mbele ya geti la kiwanda nilichokitumikia tangu binti yangu hajaota meno. Nimevaa aproni yangu niliyoipiga pasi mpaka mikunjo inakata. Barakoa moja usoni, nyingine mfukoni ya akiba. Nywele nimesuka, viatu nimefuta. Mtu anayerudi kazini baada ya kukaa nyumbani muda mrefu hujipamba kama bibi harusi, msinicheke.

Mlinzi alikuwa ameshika kile kipima joto chao kama bastola. Lakini hanipimi! Ananifukuza nacho, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi.

"Mwanangu," nikamwambia kwa upole, "nipime kwanza ndipo uniite mgonjwa."

"Sina haja ya kukupima. Nimeambiwa usiingie. Nyumbani kwako kuna gonjwa."

"Nani kasema?"

"Ofisini wanajua."

"Ofisini wamekuja kwangu lini?"

"Mama, rudi nyuma! Utaambukiza watu hapa!"

Hapo hapo nikamwona shoga yangu, Mama Mikono, anakuja na kundi la vijana wapya. Kofia za kiwanda zimewashuka hadi kwenye nyusi, barakoa zimewapanda hadi chini ya macho, huwezi kujua yupi ni yupi. Lakini Mama Mikono namjua hata kwa kivuli.

"Shoga! Afadhali umekuja! Waambie hawa! Si unanijua? Si juzi tu ulikuwa kwangu tunakunywa chai?"

Mama Mikono akanitazama mara moja.

Akainamisha macho.

Akapita...!

Na kundi lake lote likapita. Geti likajifunga, nikabaki nje na aproni yangu ya pasi.

Na gonjwa lenyewe halijakanyaga kwangu!

Ngojeni nivute pumzi niwaeleze vizuri, maana mkinisikiliza nusu mtanielewa nusu.

Kiwandani kwetu hakuna mtu anayeshona shati.

Nikisema hivyo watu hucheka. Mashati yanatoka kwa marobota, eti hakuna anayeshona shati? Hakuna! Huyu anashona mfuko. Yule anashona pindo. Mwingine kazi yake ni matundu ya vifungo, tangu asubuhi mpaka jioni, matundu tu. Shati linapita mkono hadi mkono, na msimamizi anatembea nyuma ya migongo yetu akiimba wimbo wake mmoja: "Fanya haraka! Fanya haraka!" Na jina tukampa hilo hilo, Fanya Haraka.

Mimi kazi yangu ilikuwa kola. Ndiyo maana wakaniita Bibi Kola, hata kabla sijapata mjukuu.

Kola si mchezo. Ncha yake ukiichokonoa kwa mkasi ili itokeze, inatoboka. Mimi nalaza uzi kwenye kona kabla sijaishona, nikigeuza kitambaa nauvuta ule uzi polepole, ncha inachomoza kali kama mdomo wa ndege. Mashati mangapi yamevaliwa na wakubwa mahali nisipopajua, shingoni wamebeba mkono wangu!

Pembeni yangu alikaa Mama Mikono, mdogo kwangu kwa umri. Yeye mikono ya shati. Tulizoeana mpaka akipiga chafya mimi ndiye nafuta pua.

Kisha gonjwa likaja.

Oda zikakatwa. Siku ile tuliondoka tukaacha mashati kwenye mashine hayana kola, yamekaa kama watu waliokatwa vichwa. Fanya Haraka akasimama juu ya kiti akasema, "Nendeni nyumbani. Mtaitwa."

Mtaitwa! Neno hilo lilikuja kunila moyo.

Nyumbani kwangu ni chumba kimoja. Tulikuwa watatu: mimi, binti yangu na mtoto wake anayejifunza kusimama. Binti alikuwa msusi saluni, na saluni nayo ikafungwa. Tukabaki tunatazamana. Simu tunayo moja, kioo kimepasuka, anashinda nayo yeye kwa sababu mtoto akilia anamwekea nyimbo.

Siku moja jirani yetu muuza maziwa akaja na kitambaa kizuri.

"Bibi Kola, wewe si fundi wa kiwandani? Nishonee mume wangu shati."

Niliona aibu kusema sijui. Miaka yote hiyo kiwandani, nitasemaje sijui shati?

Nikaanza na kola. Ikatoka, ungeiona ungeibusu.

Halafu...?

Halafu basi! Nimeishika kola mkononi kama mtu aliyeshika mkia, ng'ombe mwenyewe hayupo!

Nikamwita Mama Mikono. Akaja mbio, akashona mikono miwili mizuri. Kiwiliwili tukakata kwa kukisia, tumelaza shati kuukuu juu ya kitambaa. Tukaunganisha. Tukapongezana.

Mume wa jirani akavaa. Akanyanyua mkono wa kushoto, sawa. Akanyanyua wa kulia... haunyanyuki! Bega limekaa upande, kiwiko kinatazama mbele!

"Mama Mikono," nikamwuliza, "umefanyaje hapa?"

Akaligeuza shati, akalitazama, akakaa chini.

"Shoga, mimi kiwandani nashona mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa wa yule dada aliyekaa mbele yangu."

Shati la watu lina mikono miwili ya kushoto!

Tulicheka mpaka tukalia. Kisha tukalia kweli. Maana hapo ndipo nilipoelewa nimetumikia nini. Kila mmoja wetu ana kipande chake tu, shati zima linajulikana na kiwanda. Ukitolewa nje ya lile geti, ufundi wako haumvishi hata mtoto.

Kwa hiyo mkiniona nakililia kiti, msidhani nalilia mbao. Bila kile kiti mimi si fundi. Ni bibi mwenye kola mkononi.

Baada ya hapo tukashona barakoa za kuuza mtaani, kwa sababu barakoa haina kushoto wala kulia. Binti yangu akawa anakaa karibu na cherehani yangu ya mkono, anatazama.

"Mama, nifundishe kola."

"Ya nini? Wewe mkono wako wa nywele."

"Si nywele hakuna sasa."

Nikamfundisha kwa vitambaa chakavu. Nikamwonyesha na siri ya uzi. Mkono wake mwepesi huyo mtoto! Nilimsifu mpaka majirani wakachoka.

Mara tukasikia kiwanda kinafunguliwa. Lakini nusu ya viti tu, ili watu wakae mbalimbali. Watu wanaitwa kwa simu.

"Nimeitwa?" nikawa namwuliza binti.

"Bado, mama."

Mama Mikono akaitwa. Wa pasi akaitwa.

"Na leo?"

"Bado, mama. Vumilia."

Siku zile zile binti akapata kazi, kupanga bidhaa dukani, anatoka asubuhi. Nikashukuru. Nikasema basi na mimi sitangoja simu, nitajipeleka. Kiti changu kinanijua.

"Mama usiende," akaniambia. "Ngoja uitwe."

Sikumsikia. Nikamwacha mjukuu kwa muuza maziwa, nikaenda. Na ndiyo hayo yaliyonikuta.

Sasa sikilizeni.

Mimi narudi kwa miguu, habari imepanda pikipiki! Nafika mtaani, imeshafika!

Muuza maziwa kaniwekea mjukuu kizingitini, kafunga mlango, ananisemesha dirishani.

"Bibi Kola, usinielewe vibaya. Nina watoto."

"Na mimi nimebeba nini hapa, mtungi?"

Akafunga dirisha.

Nikaenda bombani. Nikasogea, wenye ndoo wakasogea. Nikakaa, wakaondoka. Bomba lote likawa langu, maji yanamwagika peke yake. Mwenye duka akaniambia niseme ninachotaka nikiwa kule kule barabarani. Nikataja sabuni kwa kupiga kelele kama mnadi.

Mjukuu wangu akatambaa kuwafuata wenzake. Mama zao wakawaita ndani mmoja mmoja. Akabaki katikati ya uwanja ameshika kifuniko cha sufuria, anageuza kichwa huku na huku, anatafuta wamekwenda wapi...

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira.

Nikaenda zahanati. Nesi akanipima, akasema, "Bibi, wewe mzima kuliko mimi."

"Basi njoo uwaambie majirani zangu."

Akacheka. Alidhani natania!

Jioni ile sikujizuia. Nikaenda mpaka kwa Mama Mikono. Alikuwa anaanua nguo na barakoa uani. Sikuingia, nilisimama pale kwenye kamba.

"Umefaidika nini?"

"Shoga..."

"Usiniite shoga! Mashoga wanapitana getini kama paka na mbwa? Ni wewe uliyekwenda kusema nina gonjwa ndani?"

"Si mimi."

"Basi ni nani? Ofisini wanakujua wewe, na wewe ndiye unayeingia kwangu!"

"Si mimi, mwenzangu. Kaa tuongee."

"Kiti changu kakalia nani?"

Akakunja shati. Akalikunjua. Akalikunja tena.

"Nakuuliza! Kakalia nani?"

"Kakalia... mtu anayejua kola."

"Nani mwingine pale anaijua kola? Ni wewe! Nilikuonyesha mwenyewe wakati tunashona lile shati! Sasa unashona kola na mikono, unakula viti viwili!"

Hakukubali. Hakukataa. Kutokataa kwake kukanimwagia petroli moyoni.

"Ndiyo maana una mikono miwili ya kushoto!" nikampigia kelele mpaka majirani wakachungulia. "Huna wa kulia wa kupokelea fadhila! Ukifa watakuzika umelala ubavu!"

Nilimchamba, wanangu. Nilimchamba mpaka sauti ikakauka. Yeye kainama tu, anaokota vibanio vya nguo vilivyoanguka.

Nikarudi nyumbani nikidhani nitajisikia vizuri.

Sikujisikia.

Siku ya mapumziko ikafika, nikakaa na beseni kufua. Sabuni, maji ya moto, na barakoa zetu wote.

Hapa lazima niwaambie kitu ambacho watu wa nje hawakijui. Kitambaa kikishonwa kinatoa vumbi. Vumbi laini, la rangi ile ile ya kitambaa. Linaingia masikioni, kwenye nyusi, puani. Ukitaka kujua kiwanda kinashona rangi gani wiki hii, usiulize ofisini. Mtazame mshonaji akipenga kamasi! Wiki ya shati la kijani, kijani. Wiki ya bluu, bluu. Hata ujioshe vipi, linabaki kwenye mishono.

Nikachukua barakoa ya binti yangu. Nikaigeuza nifue ndani ya mkunjo, pale juu penye pua.

Vumbi.

Jekundu. Jekundu lililokolea, kama damu ya ng'ombe.

Nikaiweka kwenye maji, maji yakapata wekundu. Nikaitoa nikaitazama tena.

Jioni ile kwa Mama Mikono, kwenye ile kamba, barakoa zake zilikuwa na mstari wa rangi hii hii juu ya pua. Macho yaliona, hasira haikunipa nafasi ya kufikiri.

Binti alikuwa kitandani anamlisha mtoto uji.

"Mwanangu."

"Bee, mama."

"Dukani kwenu mnapanga nini? Pilipili ya kusaga?"

"Vitu mchanganyiko tu, mama."

Nikainyoosha barakoa, inachuruzika sakafuni.

"Hili vumbi la duka gani?"

Kijiko kikasimama katikati ya njia. Mtoto kafungua mdomo anangoja, uji hauji.

"Mama..."

"Nani kakalia kiti changu?"

Akaanza kulia kabla hajasema.

"Mimi, mama."

Binti yangu...! Wa tumbo langu...! Niliyemfundisha mwenyewe siri ya uzi!

"Msimamizi alipiga simu," akasema. "Wewe ulikuwa bombani. Akasema wenye umri hawarudi. Eti gonjwa linawapenda wazee, na kiwanda hakitaki kuzika mtu."

"Wazee? Mimi mzee?"

"Mama..."

"Nimekuuliza! Mimi ni mzee?!"

"Mama, si wanautazama umri ulioandikwa kazini! Akasema kiti atapewa mtu mwingine. Nikamwambia kola naijua, nipe mimi. Akasema njoo, lakini mama yako asije kupiga kelele hapa."

"Na hilo la ugonjwa ulilisema wewe?"

"Sikulisema! Naapa! Wanawaambia hivyo wote wanaojipeleka getini. Mtu ukimwambia kazeeka, atadai haki yake, malipo ya kuachishwa kazi. Ukimwambia mgonjwa, mtaa wake utamfukuza, wao wamekaa tu."

Nikakaa juu ya ndoo.

"Siku ile getini. Ulikuwemo kwenye lile kundi?"

"Nilikuwemo."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Nikiita, ulinisikia?"

"Nilikusikia, mama."

"Ukapita?"

Akamfuta mtoto mdomo, mdomo wenyewe hauna kitu.

"Nikapita. Ningesimama tungekosa wote wawili. Huyu angekula nini?"

Sikumpiga. Sikumlaani. Nilikamua ile barakoa mpaka maji yakaisha, nikaendelea kukamua.

Kilichoniuma, wanangu, ni kwamba nilitafuta kosa katika maneno yake nikalikosa. Alikuwa na haki. Na mimi nilikuwa na haki. Wenye haki wawili tumefungiwa chumba kimoja tunalizana, na asiye na haki hata hayupo!

Nikavaa kanga, nikaenda kwa Mama Mikono. Nikapiga hodi kwa adabu.

"Umekuja kumalizia?" akaniuliza mlangoni.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Lile la kuzikwa ubavu ulilitoa wapi? Nimecheka nalo mpaka nimeshindwa kukukasirikia."

"Kwa nini hukuniambia, mwenzangu? Umekubali nikutukane mbele ya watu?"

Akanivutia kigoda.

"Binti yako alinipigia magoti. Nikaona afadhali unichukie mimi, mimi nalala nyumba nyingine. Yeye mnalala chumba kimoja."

Nililia kwenye kanga yake mpaka ikalowa.

"Na usidhani uko peke yako," akasema. "Laini yetu yote, mstari mzima wa viti vya wakongwe, imekaliwa na mabinti. Kwenye mfuko yupo mtoto wa yule mama mnene. Kwenye pindo, mkwe. Kwenye vifungo, mtu kakalia kiti cha shangazi yake. Na kila mzee mmoja kaambiwa ana gonjwa. Na kila mzee mmoja ana shoga anayemshuku. Mama wa pindo hasalimiani na wa vifungo mpaka leo."

Nikafuta machozi.

"Hebu niambie wanakaa wapi."

Nikazunguka nyumba hadi nyumba. Nilifukuzwa, nilifungiwa milango, mmoja alinimwagia maji ya vyombo. Nilizungumzia madirishani. Nikimaliza kuwaeleza nani kakalia viti vyao, mlango unafunguka wenyewe.

Tukapanga kwenda getini wote pamoja. Kabla hatujaenda nilimwambia binti yangu jambo moja.

"Kesho utaniona tena getini. Pita."

"Mama..."

"Pita kama ulivyopita. Usinitazame. Mtoto ale."

Asubuhi tukasimama pale, wakongwe wote, barakoa usoni, mtu na mwenzake mbalimbali kama wanavyotaka wenyewe. Mlinzi akatoa macho.

"Nyie wagonjwa mmekuja kufanya nini?"

"Tupime," nikamwambia.

"Hamruhusiwi kuingia!"

"Nani kakuomba kuingia? Tupime, halafu useme majibu kwa sauti ile ile uliyonitangazia."

"Siwezi."

"Sauti imekwenda wapi? Siku ile ulikuwa nayo!"

Wafanyakazi wakaanza kujaa nyuma yetu. Geti limeziba. Ndani mashine zimewashwa, hakuna wa kuzikalia. Fanya Haraka akatoka anakimbia, barakoa imening'inia sikio moja.

"Nini hiki? Oda inangoja! Nyie kina mama mnataka nini?"

"Kupimwa tu, mwanangu," nikamjibu. "Fanya haraka."

Kuna watu walicheka. Uso ukamvimba. Akawageukia vijana akanyoosha kidole.

"Nani mwenye mama yake hapa? Ajitokeze amtoe sasa hivi! Vinginevyo kiti hana!"

Nikaangalia chini. Moyoni naomba, pita mwanangu... pita tu...

Nikasikia hatua.

"Mimi," akasema mtu. "Huyu ni mama yangu."

Binti yangu kavua kofia, kashusha barakoa ili uso uonekane, kasimama pembeni yangu.

"Nilikwambia upite!" nikamnong'oneza.

"Nilishapita mara moja, mama. Inatosha."

Halafu nyuma yake: "Mimi. Yule ni shangazi yangu."

"Mimi. Mkwe wangu huyo."

"Na mimi! Mama yangu ni yule mwenye kanga ya njano, na si mgonjwa, ni mchokozi tu!"

Mmoja mmoja, mpaka wakabaki Fanya Haraka na mlinzi wake ndio hawana mtu. Mama Mikono, asiye na mama wala shangazi pale, naye akaja akasimama katikati yetu.

"Wewe una nani hapa?" Fanya Haraka akamfokea.

"Nina shoga."

Atafukuza wangapi? Laini nzima? Na oda inangoja?

Akamwashiria mlinzi atupime.

Mlinzi akaninyooshea kile kibastola kwenye paji la uso. Kikalia.

"Mzima," akasema kwa sauti ya mbu.

"Hatukusikia!" wakapiga kelele kina mama.

"MZIMA!"

Na wa pili, mzima. Na wa tatu, mzima. Watu wa barabarani wamesimama, wauza magazeti wamesimama, muuza maziwa wangu yupo na baiskeli yake kafungua mdomo. Wote tulitangazwa wazima kwa sauti ile ile.

Sasa mnataka niwaambie nilirudishiwa kiti?

Sikurudishiwa. Sitawadanganya ili simulizi iwe tamu. Mabinti waliingia kazini, sisi tukarudi nyumbani. Haki zetu za kuachishwa bado tunazungushwa, leo njoo kesho, kesho njoo keshokutwa. Na kila asubuhi binti yangu anaingia mle ndani kwenye hewa ile ile waliyosema itaniua mimi. Yeye eti haitamwona, kwa kuwa kijana!

Kwa hiyo msinione nimetulia mkadhani nimeridhika. Sijaridhika.

Ila nimejifunza, na nawaachia nyie mnaonisoma.

Mkikosana na mwenzenu wakati wa shida, kabla hamjatukanana, ulizeni: tukinuniana sisi, anayelala vizuri ni nani? Sisi tuliogopana, tukatukanana, tukafungiana milango, mtu na shoga yake, mama na mwanawe. Na aliyetugombanisha hata hakutumia nguvu. Alisema neno moja tu, *mgonjwa*, akatuacha tumalizane wenyewe.

Na mkiambiwa fulani ni mgonjwa, ulizeni kwanza: kapimwa na nani?

Kuna anayeniuliza, Bibi, binti yako umemsamehe?

Siku aliyonipita alikuwa anamtafutia mtoto wake chakula. Siku aliyosimama alikuwa anakitupa hicho hicho chakula kwa ajili yangu. Mimi ni mama yake, nichague ipi nimsamehe?

Jana kaniletea kola, kaishona peke yake, kanipa niikague. Nikaigeuza, nikapima ncha kwa kidole.

Kali kuliko zangu.

Nikamwambia, "Bado kidogo." Mtoto akisifiwa sana hulegea.